Kidonda cha mguu wenye damu haba: kisa kimoja cha Bukavu na utando wa amnioni

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mkaaji wa Kadutu, aliyepokelewa katika chumba cha vidonda cha hospitali moja ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwa na kidonda cha mguu kilichokataa kufunga kwa muda wa miezi mitano. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mama huyo alitibiwa, pamoja na mengine, kwa utando wa amnioni, yaani ule utando mwembamba wa ndani wa chupa ya uzazi, na kwa sababu kinatulazimisha kujibu swali ambalo wengi wanaosifu vifuniko vya tishu hai hulipita haraka: je, damu inayokifikia kidonda inatosha kukiwezesha kifuniko hicho kufanya kazi?

Kidonda kilianza kwa moto. Usiku mmoja wa majira ya mvua, mama alikaa karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, akiota moto, na kwa kuwa ugonjwa wa sukari alioishi nao zaidi ya miaka kumi ulikuwa umekwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu yake, hakusikia chochote. Lengelenge liligunduliwa na mjukuu wake asubuhi. Tangu hapo kidonda kilipitia mikono mingi: unga wa vidonge vya antibiotiki uliomwagwa juu yake, majani yaliyotwangwa, na maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) yaliyomiminwa mara mbili kwa siku, jambo ambalo bado linafanyika katika nyumba nyingi za mji wetu ingawa maji hayo huua chembe changa zinazojaribu kujenga nyama mpya sawasawa na yanavyoua vijidudu. Kituo kimoja kilikuwa kimeshauri mguu ukatwe chini ya goti. Familia ilikataa, na mama mwenyewe alieleza kwamba anaishi juu ya kilima, kwamba njia ya kwake ni ngazi za udongo, na kwamba akikatwa mguu hatafika tena sokoni anakouza unga wa muhogo.

Tulipokifungua, kidonda kilikuwa juu ya mguu kuelekea upande wa nje, kikiwa na urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 4. Kitako chake kilikuwa cha rangi ya manjano iliyopauka, kingo zilikuwa ngumu na zimesimama, na ute ulikuwa kidogo. Kifaa cha chuma cha kupimia kina hakikugusa mfupa. Ngozi ya mguu ilikuwa baridi na inayong'aa, vinyweleo vimetoweka, na kidole cha mpimaji hakikupata mapigo juu ya mguu wala nyuma ya kifundo.

Hapo ndipo kisa kingeweza kupotoka. Kipimo cha kawaida cha mtiririko wa damu mguuni ni kulinganisha presha ya kifundo na presha ya mkono: uwiano ulio chini ya 0.9 unaonyesha kwamba ateri, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba. Kwa mama huyu presha ya mkono ilikuwa 140 na ya kifundo 189, yaani uwiano wa 1.35. Mtu akiisoma namba hiyo peke yake ataandika katika fomu kwamba damu ni tele. Lakini kwa wagonjwa wa sukari wa muda mrefu kuta za ateri hujaa chokaa na kuwa ngumu, mkanda wa presha hauwezi kuzibana, na namba inayopanda inaonyesha ugumu wa bomba badala ya nguvu ya damu iliyomo. Sauti ya dopla, kifaa kinachosikilizisha mtiririko wa damu, ilisema ukweli ambao namba iliuficha: badala ya mapigo yenye sehemu mbili au tatu, tulisikia mvumo mmoja mzito, wa taratibu, usio na mwisho ulio wazi.

Mahali penye vifaa, hatua inayofuata ni kupima presha ya kidole gumba cha mguu au kiasi cha oksijeni kinachopita kwenye ngozi. Hatukuwa na kimojawapo. Tulichokuwa nacho ni dopla ndogo ya mkononi, kitanda na fimbo yenye alama za sentimita, na hivyo vinatosha kwa kipimo kinachostahili kujulikana zaidi katika hospitali zetu. Mgonjwa hulala chali, dopla huwekwa juu ya ateri ya mguu, kisha mguu huinuliwa polepole mpaka sauti ipotee. Kimo kati ya usawa wa moyo na mahali sauti ilipopotea ndicho kinachopimwa, kwa kuwa damu imeshindwa kupanda zaidi ya hapo. Kila sentimita 13.6 za kimo huhesabiwa kuwa sawa na shinikizo la milimita 10 za zebaki, na ugumu wa kuta za ateri hauwezi kukidanganya kipimo hiki kwa kuwa hakuna kinachobanwa. Kwa mama huyu sauti ilipotea kwenye sentimita 75. Presha halisi ya damu mguuni mwake ilikuwa karibu milimita 55 za zebaki, si 189.

Tofauti hiyo inabadilisha kila uamuzi. Katika mfumo wa kupima hatari ya mguu uliotolewa mwaka 2014 na chama cha madaktari wapasuaji wa mishipa ya damu cha Marekani, ambao huangalia kwa pamoja ukubwa wa kidonda, uhaba wa damu na maambukizi, presha ya kifundo iliyo kati ya 50 na 70 humweka mgonjwa katika daraja la pili kwa uzito kati ya yale yanayoonyesha kwamba damu haitoshi; chini ya 50 ni daraja la mwisho. Kwa mgonjwa wa namna hiyo jambo la kwanza la kutafakari ni kufungua njia ya damu, kwa puto linalopitishwa ndani ya ateri au kwa upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine. Tulimweleza mama na watoto wake hivyo, bila kupunguza neno, na tuliandika katika faili kwamba ushauri wa kwanza ulikuwa huo. Safari ya kwenda nje ya nchi kwa uchunguzi wa ateri na tiba yenyewe ilizidi kabisa uwezo wao. Kwa hiyo yote yanayofuata yalifanyika kwa mguu ambao ulihitaji kitu tulichoshindwa kuupatia, na msomaji asilisahau jambo hilo anapofika kwenye matokeo.

Maandalizi yalichukua wiki mbili. Sukari, iliyokuwa miligramu 310 kwa desilita siku ya kwanza, ilishushwa kwa insulini. Aspirini na dawa ya kushusha mafuta ya damu zilianzishwa. Maambukizi madogo ya kingo yalitibiwa kwa vidonge. Tishu iliyokufa iliondolewa kidogo kidogo kwa kisu, kwa uangalifu mkubwa kuliko kawaida, kwa maana mguu wenye damu haba hauna akiba: mkato unaovuka mpaka wa tishu hai huacha kidonda kipya ambacho nacho hakitapona. Maji ya oksijeni yaliachwa, kidonda kikawa kinasafishwa kwa serumu ya chumvi tu. Kiatu chake kilikatwa upande ili kisiguse kidonda, na akapewa magongo.

Hemoglobini yake, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ilikuwa gramu 8.6 kwa desilita, yaani alikuwa na upungufu wa damu. Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu katika vitabu vya vidonda jambo hili huandikwa mstari mmoja, na kwa mgonjwa wa Bukavu linaweza kuwa nusu ya tiba. Damu inayopita kwenye ateri nyembamba ni kidogo. Kama hiyo kidogo nayo imebeba oksijeni haba, kidonda kinanyimwa mara mbili. Chembe zinazojenga nyama mpya hutengeneza kolajeni, protini ya nyuzi inayoishikilia nyama, na ili nyuzi za kolajeni zisokotane na kuwa imara zinahitaji oksijeni, madini ya chuma na vitamini C, vyote vitatu kwa pamoja. Chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu nazo hutumia oksijeni kama silaha yao kuu. Mama alikuwa amepunguza chakula kwa miezi kadhaa kwa hofu ya sukari, akibaki na ugali na mboga kidogo. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, na binti yake alielezwa kwamba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na maharagwe havimpandishi mama sukari kama alivyodhani, na kwamba machungwa na mapera kwa kiasi yanaruhusiwa.

Baada ya wiki hizo mbili kidonda kilikuwa na sentimita 5.5 kwa 4, karibu sawa na mwanzo, lakini kitako kilikuwa kimegeuka rangi ya waridi na maambukizi yameisha. Hapo ndipo tulipoona kwamba utando wa amnioni unaweza kujaribiwa. Vipande sita vilivyokaushwa na kuuliwa vijidudu vilikuwa vimeachwa hospitalini na wapasuaji wageni, na huko vinakotengenezwa, kipande kidogo huweza kuuzwa kwa mamia ya dola.

Matumizi ya utando huu si mapya. John Staige Davis wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliripoti mwaka 1910 kuhusu kutumia utando wa uzazi mahali pa ngozi, na mwaka 1913 ripoti nyingine zikafuata juu ya majeraha ya moto na vidonda. Amnioni yenyewe haina mishipa ya damu. Ikiwa tumboni hujilisha kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye maji yanayomzunguka mtoto, na huenda ndiyo sababu inavumilia kuwekwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Chembe zake hubeba alama chache sana zile ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mgeni, kwa hiyo haikataliwi kama ngozi ya mtu mwingine inavyokataliwa. Ina kolajeni na vichocheo vya ukuaji, vikiwemo vile vinavyoamsha kuchipua kwa kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, na hutuliza uvimbe wa muda mrefu. Katika kidonda sugu, vimeng'enya vinavyovunja kolajeni huzidi kipimo na kubomoa kila kinachojengwa usiku na mchana; kifuniko chenye kolajeni huvipa vimeng'enya hivyo kitu kingine cha kuvunja, na nyama changa hupata nafasi.

Lakini kapilari zinazochipua ni vijito vya mwisho kabisa, na kijito hakiwezi kutoa maji ambayo mto haukuleta. Kwa wagonjwa wa sukari, ateri zinazoziba mara nyingi ni zile zilizo kati ya goti na kifundo. Hakuna utando unaowekwa juu ya mguu utakaozifungua hizo. Kile ambacho utando unaweza kufanya ni kusaidia kidonda kuitumia vizuri zaidi damu inayofika, na hilo lina maana tu pale ambapo kiasi fulani kinafika. Hiyo ndiyo sababu majaribio mengi ya amnioni kwa vidonda vya mguu wa kisukari hayakuwapokea wagonjwa wenye uhaba mkubwa wa damu. Wengi waliojaribiwa walikuwa na uwiano wa presha usiopungua 0.7 au oksijeni ya ngozi isiyopungua milimita 30 za zebaki. Mama yetu, kwa presha ya 55, pengine asingepokelewa katika majaribio hayo. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inaruhusu kufikiria vifuniko vitokanavyo na kondo la nyuma kama nyongeza pale tiba ya kawaida iliyotimizwa vizuri imeshindwa, na inakiri kwamba ushahidi wake bado ni dhaifu. Kwa vidonda vyenye uhaba wa damu usio mkali, ushahidi ulio bora zaidi ni wa kifuniko chenye sukrozi oktasulfati: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lenye wagonjwa 240, asilimia 48 ya waliokitumia walifunga vidonda katika wiki 20, dhidi ya asilimia 30 ya wengine. Kifuniko hicho hatukuwa nacho. Tulitumia tulichokuwa nacho, tukijua ni nini.

Mazungumzo ya kupata ridhaa yalichukua muda mrefu kuliko kuuweka utando wenyewe, na ilistahili kuwa hivyo. Binti mkubwa aliuliza kitu hicho kimetoka wapi. Muuguzi alimweleza kwamba ni sehemu ya chupa ya uzazi ya mama aliyejifungua kwa upasuaji uliopangwa, aliyekubali kwa hiari yake, na aliyepimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mgonjwa alinyamaza, kisha akauliza, "Na mtoto yule, mwanangu, yuko hai?" Muuguzi akamjibu kwamba amnioni huchukuliwa baada ya mtoto kuzaliwa salama na kwamba haimpunguzii mtoto chochote. "Basi kama mama mwenzangu ametoa kwa moyo wake, nami napokea." Katika jimbo letu zipo familia nyingi ambazo kwao kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, na mtu anayeficha asili ya kifuniko hiki ili kuokoa muda anavunja imani ambayo hataweza kuirudisha.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kipande kikavu kiliwekwa juu ya kitako kilichosafishwa, kikapita kingo kwa milimita chache, kikaloweshwa kwa matone ya serumu mpaka kikashika. Juu yake iliwekwa shashi yenye vaselini isiyong'ang'ania, kisha shashi kavu ya kunyonya, kisha bendeji iliyozungushwa bila kukaza hata kidogo, kwa kuwa mkazo wowote juu ya mguu wenye presha ya 55 ni hatari kubwa. Kidonda kilifunguliwa mara moja kwa wiki. Utando ulikuwa umeyeyuka kwa sehemu kubwa kila tulipofungua, mabaki yake yaliachwa pale pale, na kipande kingine kikawekwa.

Wiki ya kwanza kidonda kilifika sentimita 5 kwa 3.6, ya pili 4.4 kwa 3.2. Wiki ya tatu hakikupungua hata kidogo, na kingo zilikuwa nyeupe na laini. Mama alikuwa amekwenda matanga Bagira, sehemu nyingine ya mji, akatembea kwa miguu kwenda na kurudi, magongo akayaacha nyumbani kwa kuona aibu mbele ya wakwe. Hakukaripiwa. Mjukuu yule yule aliyeona lengelenge alipewa jukumu la magongo, naye alilichukua kwa uzito wote. Wiki ya nne kidonda kilikuwa sentimita 4.2 kwa 3, yaani upungufu wa asilimia 43 tangu kipande cha kwanza.

Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua kwa nusu katika wiki nne hakielekei kufunga katika wiki 12, na tiba inapaswa kuangaliwa upya. Asilimia 43 haifiki nusu. Kwa kufuata namba tu tungeacha. Tuliamua kuendelea kwa sababu kusimama kwa wiki ya tatu kulikuwa na maelezo yanayoonekana na yanayorekebishika, na kwa sababu mwelekeo ulirudi mara tu miguu ilipopumzishwa. Tuliandika pia masharti ya kuacha: mfupa ukigusika, maumivu ya usiku yakianza, kidole kikibadilika kuwa cheusi, au wiki mbili mfululizo zikipita bila kupungua, tungerudi kwenye mazungumzo ya kukata. Masharti hayo yaliwekwa mbele ya familia kabla ya kipande cha tano.

Kipande cha sita kilipoisha, kidonda kilikuwa na sentimita 3 kwa 2. Kilichobaki kilitunzwa kwa shashi yenye vaselini na kupumzisha mguu, kikafunga baada ya karibu miezi miwili mingine.

Katikati ya safari hiyo mtoto wa kiume wa mama huyu alisikia redioni habari za Brazili, ambako madaktari wa Fortaleza walifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia, akatuuliza kwa nini tusitumie samaki wa Ziwa Kivu. Swali lake lilikuwa la maana na lilistahili jibu kamili. Ngozi ya tilapia ina kolajeni nyingi, inashikamana vizuri na hupunguza idadi ya mara za kubadilisha bendeji. Lakini ile ya Fortaleza huoshwa kwa dawa, huhifadhiwa katika gliseroli, hupimwa vijidudu na hupigwa mionzi. Ngozi mbichi ya sokoni hubeba bakteria wa maji baridi ambao kwa mguu wa kisukari wanaweza kuleta maambukizi yanayopanda kwa saa chache. Isitoshe, sehemu kubwa ya sifa zake imetokana na majeraha ya moto ya watu ambao damu yao inatiririka vizuri. Alielewa, na akatuahidi kwamba hatalijaribu nyumbani.

Sasa, ni nini kilichomponya mama huyu? Tulirudia kipimo cha kuinua mguu baada ya kipande cha mwisho: sauti ilipotea kwenye sentimita 78, yaani karibu milimita 57. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya kawaida ya mkono unaoshika dopla. Ateri kubwa zilibaki zilivyokuwa, kwa hiyo yeyote atakayedai kwamba utando uliurudishia mguu damu atakuwa amesema jambo ambalo kipimo kinalikanusha. Kilichobadilika kilikuwa kwenye kidonda chenyewe na ndani ya damu. Hemoglobini ilikuwa imefika gramu 10.9, na hapa ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu: madini ya chuma huhitaji wiki kadhaa kupandisha damu, kwa hiyo faida yake iliangukia zile zile wiki ambazo amnioni ilikuwa juu ya kidonda. Kushuka kwa sukari nako kulitangulia kwa muda mfupi tu. Kwa mgonjwa mmoja hatuwezi kuvitenganisha. Maoni yangu ni kwamba utando ulifupisha muda kwa kiasi fulani, kwa kuwa kasi ya wiki mbili za kwanza za amnioni ilizidi ile ya baada ya vipande kuisha, lakini bila insulini, chuma, chakula na magongo ungeyeyuka juu ya kidonda kile na kukiacha kilivyo.

Hilo lina matokeo kwa wale wanaouliza kama Bukavu inaweza kuandaa utando wake yenyewe. Hospitali zetu zina upasuaji wa uzazi kila siku, na kuhifadhi amnioni katika gliseroli ya asilimia 85 ndani ya friji ya kawaida ni njia inayojulikana na isiyo ghali. Ugumu uko kwingine. Gliseroli huua bakteria wengi lakini haitoshi kuaminiwa dhidi ya virusi, mama aliyeambukizwa karibuni anaweza kupimwa na kuonekana mzima, na ndiyo maana benki za tishu humpima tena mtoaji baada ya miezi sita kabla ya kuruhusu tishu yake itumike, au huongeza mionzi ya gama, kwa kawaida kipimo cha kilogrei 25. Mionzi hiyo hatuna hapa. Kwa hiyo mpango wa Bukavu ungelazimika kuanza na daftari la watoaji wanaoweza kupatikana tena baada ya miezi sita, umeme usiokatika wa friji, na ridhaa ya maandishi kwa lugha ambayo mama anaielewa. Kabla ya hayo yote, kila chumba cha vidonda kinahitaji dopla ya mkononi na fimbo yenye alama za sentimita, kwa kuwa pasipo hivyo hatutajua ni mguu upi unaostahili kipande cha kwanza.